Kwa Mwanangu wa Miaka Arobaini, Anayekwenda Kusomea Sheria

Makambako,
Jumapili jioni

Mwanangu Damari,

Najua ukiliona neno hilo la kwanza utacheka, halafu utageuka kuangalia kama mdogo wangu Obedi amekuona. Cheka tu. Wewe ndiye uliyeanza. Tangu nizaliwe hujaniita Tabita hata siku moja. Umeniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na kwetu aliyebeba jina amembeba na mwenye jina. Nilipoanza darasa la kwanza nilidhani kila mtoto anaitwa mama na mama yake. Mwalimu akaniuliza, "Nyumbani wanakuitaje?" Nikajibu, "Mama." Darasa zima likacheka, na nadhani ni siku ile sauti yangu ilipoingia ndani ikafunga mlango.

Kwa hiyo naandika kama mama. Nikiandika kama binti yako wa kidato cha tano sitafika mbali, nitaishia kwenye "nakutakia safari njema na masomo mema", kama kadi ya dukani. Bibi angekuwepo angekuambia mwenyewe, kwa Kibena, bila karatasi. Hayupo, na jina liko kwangu.

Sitaandika habari za chakula cha Obedi wala nani atafungua genge asubuhi. Mama Mkubwa ameshafika kutoka Njombe na ameshaanza kuhamisha masufuria. Hayo yameshatutoka mikononi. Leo ameniambia, "Mama yako akimaliza sheria arudi atuhukumu sote, aanze na Obedi." Obedi akauliza amefanya nini. Akaambiwa, "Tutatafuta."

Ninachotaka kuandika ni kile ulichoniuliza leo mchana tulipokuwa tunamenya viazi. Ulisema, "Mama, unasemaje kuhusu kesho?" Ulisema taratibu, macho kwenye kiazi. Nikajibu, "Sijui," nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Nilikuona kupitia dirishani. Ulibaki umeshika kisu, humenyi. Begi lako ulilifunga Ijumaa, jana ukalifungua, na sasa hivi liko pale kitandani limefungwa nusu.

Wewe mwenyewe huwa unawaambia watu wanaokuja gengeni na kesi zao: mbele ya baraza usinyamaze, ukinyamaza wataandika kwamba umekubali. Kwangu mimi imekuwa kinyume. Nimenyamaza, nawe umeandika kwamba nimekataa. Sijakataa, mwanangu. Ngoja nianzie mbali kidogo ili unielewe.

Mwaka jana, majibu yako ya kidato cha sita yalipotoka, yale uliyosomea nyuma ya genge huku unapima viazi kwenye ndoo, tulikaa mezani na simu yangu tukavitafuta vyuo vya sheria. Ulisema Kiingereza chako ni cha macho na changu ni cha mdomo, kwa hiyo nisome mimi kwa sauti. Nikasoma. Kila chuo kilikuwa na picha ya wanafunzi wamekaa kwenye majani wanacheka, na wewe ukauliza kama hao wanaocheka ndio wanaosoma sheria au wanangoja chakula. Vilibaki vitatu. Kile cha Dar, kikubwa, kina maktaba ya ghorofa na kiko karibu na mahakama za juu. Kile cha Iringa, kidogo, kina chumba cha mahakama ya mazoezi na wahadhiri ambao wanasema wanamjua kila mwanafunzi kwa jina. Na kile cha masafa, unasoma ukiwa nyumbani, vitabu vinakuja kwenye simu, mitihani unafanyia Njombe.

Halafu ukasema vipigiwe simu. Nikasema piga wewe. Ukasema, "Aa, mama ndiye anayemuulizia mtoto shule." Mama Mkubwa alikuwepo, akapiga makofi.

Hukuwahi kusikia upande wa pili wa simu ile ya Iringa kwa sababu nilikimbilia nyuma ya choo kuipiga. Leo nakuandikia ilivyokuwa. Alipokea baba mmoja mwenye sauti ya polepole. Mimi nikiogopa, Kiswahili hunikimbia na Kiingereza hunikimbia, inabaki salamu ya Bibi. Nikasema, "Kamwene."

Akasema, "Kamwene, mama. Nikusaidie nini?"

"Naulizia nafasi ya kusoma sheria."

"Ni kwa ajili yako?"

"Hapana. Ya mwanangu."

"Sawa. Mwanao ana umri gani?"

Ningeweza kusema lolote, lakini nikasema, "Thelathini na tisa."

Nikasikia kiti chake kinalia. "Na wewe, mama, una umri gani?"

"Kumi na saba."

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nilitaka kukata simu, ila kidole hakikuniitikia. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Akasema, "Jina la bibi, siyo?" Nikasema ndiyo. Akasema na yeye anaitwa baba na mama yake mzazi, na ana ndevu. Baada ya hapo akanijibu kila kitu kama anamjibu mtu mzima. Alisema mahakama ya mazoezi hufanyika kila wiki, na mwanafunzi hapewi upande anaoupenda, anapewa wowote. Leo unamtetea mwenye shamba, wiki ijayo unamtetea aliyelivamia. Alisema wana kliniki ya sheria, siku ambayo wananchi wanakuja na matatizo yao ya kweli, ya ardhi, mirathi, matunzo ya watoto, na wanafunzi wanakaa nao mwalimu akiwa pembeni. Mwisho akaniuliza, "Huyu mwanao, anajifunza vizuri akiwa peke yake au akibishana?"

Jibu nililijua. Nimekulia ndani ya jibu hilo. Nikasema nitamuuliza.

Cha Dar alipokea dada mwenye haraka. Alisema kila kitu kiko kwenye tovuti, na kweli kilikuwepo. Cha masafa walikuwa wema sana. Yule kaka alisema, "Soma popote, hata ukiwa shambani," na mimi nikalishika hilo neno shambani kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nilirudi nikakueleza vyote vitatu. Sikuficha kimoja. Kosa langu lilikuja baadaye, na ulikuwepo, na Mama Mkubwa alikuwepo, ila sidhani kama kuna aliyeliona ni kosa. Uliweka mikono mezani ukasema, "Haya, mama. Wewe unaamuaje?"

Unajua kuna namna moja tu ambayo mimi naweza kusema mbele ya watu bila kutetemeka, nayo ni kuigiza sauti ya Bibi. Nikajikunja mgongo, nikavuta kitenge mabegani, nikasema kama yeye, "Soma hapa hapa nyumbani, mwanangu. Moto hauondoki jikoni."

Mama Mkubwa alicheka akajifuta machozi. Obedi akataka nirudie. Wewe hukucheka. Ulisema, "Haya, mama," na kesho yake ukajisajili kwenye chuo cha masafa.

Nilifurahi. Naandika hivyo bila kuzungusha. Nilifurahi kwamba utakuwepo nikirudi kutoka shule, kwamba sitalazimika kwenda mimi kwenye kikao cha wazazi cha Obedi na kuongea na walimu wake. Nilijiambia ni mzaha tu, mtu mzima hawezi kuamuliwa chuo na mzaha wa mtoto. Lakini nilikuwa najua namna unavyoitikia sauti ile. Nilikuwa najua, na bado niliitumia.

Chuo chenyewe hakina ubaya. Mwalimu wangu wa historia anasoma huko huko na anafaulu, lakini yule ni mtu wa kukaa na kitabu mpaka chai inaganda. Wewe si hivyo. Wewe ukisoma ukurasa mmoja unatafuta mtu wa kukubishia. Nakumbuka usiku umeme ulipokatika ukatufanyia mahakama kwa mshumaa. Obedi akawa mshtakiwa wa maandazi yaliyopotea, mimi nikawa hakimu. Ukamtetea Obedi vizuri mpaka akasahau kwamba ni kweli aliyala. Halafu ukahamia upande wa mashtaka, ukambana, akalia. Mimi nikatoa hukumu kwa kunong'ona, ukasema, "Mheshimiwa, mahakama haijasikia." Tulicheka sana. Lakini ulipofunga kitabu ulisema, siyo kwangu, kwa mshumaa, "Nani ananipinga humu ndani?" Nililisikia hilo. Nikajifanya naosha vikombe.

Na wateja walikuwa hawakuachi. Mtu anakuja na swali la mirathi wakati unamsikiliza mhadhiri kwenye simu, mwingine anataka debe la viazi vya Kitulo na si vya hapa, mtandao unakatika, mhadhiri anabaki amefungua mdomo. Ulikuwa unasoma popote, kama walivyoahidi. Shida ni kwamba popote palikuwa na watu wanaokuita.

Halafu ikaja siku ya mama wa Mlangali. Ulikuwa umepumzika vitabu na mimi nilikuwa likizo ya shule, ukanichukua tukaenda wote Njombe. Yule mjane, shemeji zake walitaka kuvuna miti ya paini aliyoipanda na marehemu mumewe. Ulimwandikia maelezo yake kurasa nzima, ukamfundisha majibu njia yote. Mlipoingia mbele ya baraza la ardhi ulisimama pembeni yake. Mwenyekiti akakuuliza kwa upole tu, "Na wewe ni nani, mama?"

"Msaidizi wa kisheria, mheshimiwa."

"Asante. Kaa nyuma."

Ukaja ukakaa na mimi kwenye benchi la nyuma. Wakili wa shemeji zake akaanza kuuliza maswali, na yule mama kila akiulizwa alikuwa anageuka kututazama. Kila swali, anageuka. Majibu yote uliyomfundisha yalikuwa kichwani mwake, ila shingo yake ilikuwa inayatafuta kwako. Nilishika mkono wako na ulikuwa umekunjwa ngumi. Shauri likaahirishwa. Tulipotoka nje nikasema yule mwenyekiti ni mbaya. Ukasema, "Hapana, mama. Amefuata sheria. Mimi ndiye sina mahali pa kusimama."

Nilimwelewa yule mama kuliko unavyodhani. Mimi ndiye mtu wa kugeuka nyuma. Nikiulizwa jina langu darasani nageuka kutafuta nani atanisemea. Siku ile nilikaa benchi la nyuma nikamwona mtu mzima anafanya vile vile, na nikaona gharama yake. Nikaona pia kwamba wanaotusemea nao wanahitaji pa kusimama, na mimi ndiye niliyekuwa nimekuambia moto hauondoki jikoni.

Wiki ile uliomba Iringa, kimya kimya. Kuanza upya mwaka wa kwanza, na watoto wa rika langu. Walipokukubali uliweka simu mezani, ukaniangalia. Umekuwa unaniangalia hivyo mpaka leo.

Sasa nifike kwenye sweta.

Bibi hakuwa mtu wa kusema kwaheri. Nyie watoto wake wote mnajua. Mtu akisafiri kutoka kwake, alfajiri alikuta sweta lake limetundikwa juu ya moto. Unalivaa likiwa na joto, linanuka moshi, unatoka nje kwenye ukungu na ule moto unao mwilini mpaka ufike barabarani. Hakuwa anasema nenda. Sweta ndilo lilikuwa nenda.

Ulikuwa kidato cha pili Babu alipofariki. Asubuhi ya kurudi shule uliingia jikoni na sweta lilikuwa pale ulipoliacha jana yake, juu ya kigoda, la baridi. Bibi alikuwa anachochea moto kana kwamba hajakuona. Hukuuliza. Ukaenda ukachukua jembe. Shule ikaishia pale, mpaka ulipokuja kuirudia ukiwa na mimi mgongoni.

Wewe hukunisimulia hayo. Alinisimulia yeye, mwaka wake wa mwisho, tukiwa tunapukuchua mahindi. Alisema, "Sikumkataza. Sikumwambia neno." Akapukuchua gunzi zima, akalitupa, akachukua lingine. "Ndiyo ubaya wake huo. Ningemkataza angebishana na mimi. Mtoto yule angenishinda." Halafu akaniambia nisogeze ungo, na hatukulizungumza tena.

Nilikuwa mdogo, nilidhani ananisimulia habari ya sweta. Sasa naona alikuwa ananiachia kazi. Nami mwaka jana, badala ya kuifanya, nikarudia kosa lile lile la kwake. Yeye alikuzuia kwa kunyamaza, mimi kwa mzaha. Umezuiliwa mara mbili na watu wawili wenye jina moja, na mara zote mbili hukubishana, wewe ambaye unabishana na bei ya chumvi. Mwanangu, siku nyingine usituitikie haraka hivyo. Sisi akina Tabita tunaogopa kubaki peke yetu, na hofu yetu tunaisema kwa sauti ya hekima. Ukiisikia, tuulize maswali kama yule wakili. Tutageuka nyuma, hatutakuta mtu, tutasema ukweli.

Ukweli wangu ni huu. Naogopa. Naogopa nyumba bila sauti yako, naogopa wale watu watakaokuja gengeni kuuliza "mwanasheria yupo?" na mimi nitalazimika kufungua mdomo. Naogopa utazoea maneno makubwa ukirudi tukuone kama mgeni. Hayo yote yapo, na hakuna hata moja lenye haki ya kukaa juu ya begi lako.

Kuhusu huko uendako sina la kukufundisha, ila niliyoyasikia kwenye simu nimeyawaza sana. Wiki watakayokupa upande usioupenda, upokee. Siku watakayokupa umtetee shemeji anayetaka paini za mjane, mtetee kwa nguvu zako zote, ujue anachofikiri, ili siku ukikutana naye Njombe asikushangaze. Watoto wa rika langu wakikuita mama darasani, usione haya, mimi nimeitwa hivyo tangu siku ya kwanza na bado naishi. Na yule mwenye aibu atakayekaa benchi la nyuma, asiyeuliza kitu, usimsemee. Nakujua, utataka kumsemea. Kaa naye tu mpaka aseme.

Nimejaribu hilo leo mwenyewe. Ulipokwenda kanisani kuaga wanakwaya nilivuka barabara nikaenda mpaka kwenye mashine ya mbao, mimi, peke yangu, nikasema kwa sauti, "Naomba mabanzi." Yule kijana akasema, "Husikiki, dada." Nikarudia. Akauliza ya kufanyia nini, maana anajua kwetu tunapikia mkaa. Nikamwambia, "Mwanangu anasafiri." Akanitazama juu mpaka chini. Sikueleza zaidi. Akanifungia mzigo, masalio ya mbao za paini, makavu.

Mkaa hautoi moshi wa kutosha, ndiyo maana. Nimeweka mafiga matatu uani, pale pa kufulia, na Mama Mkubwa amenionyesha namna Bibi alivyokuwa anafunga kamba ili sweta lisishuke likaungua. Alipoelewa ninachofanya aliacha kuhamisha masufuria. Hakusema utani wowote. Amesema ataniamsha yeye.

Kwa hiyo alfajiri usilitafute sweta lako la kijani kwenye begi, nimelitoa. Usiniulize tena ninasemaje kuhusu kesho. Pita uani. Utalikuta juu ya moto, nami nitakuwa nimesimama pale, na labda sitaweza kusema kitu, unanijua. Livae likiwa bado la moto. Huko Iringa watakuuliza mbona unanuka moshi.

Waambie, "Mama ameniruhusu."

Tabita